Kutengeneza sumaku na dira kwa spika mbovu na sindano: mwongozo kamili kwa wale wanaojaribu ikagoma

Mwezi huu wamenifuata watu wengi hapa kwenye banda langu la kutengeneza redio, mtaa wa Mwanga, Kigoma, wengi wanafunzi wa sekondari, kila mmoja na sindano yake mkononi, wote swali lao moja: "Fundi, nimeisugua weee lakini haioneshi kaskazini." Nikiwaambia wanioneshe walivyofanya nakuta makosa ni yale yale matatu. Hawajui ncha za sumaku yao ziko wapi, wanasugua kwenda na kurudi kama wanapiga msasa, afu wanapima juu ya meza iliyojaa misumari.

Kwa hiyo naandika mara moja kila kitu. Fuata hatua kwa mpangilio huu, usiruke, maana hatua ya tano inategemea ya kwanza.

## Vitu vya kutafuta kabla hujaanza

- Spika moja mbovu ya redio, ile yenye sumaku ya duara ya kijivu nyuma. Mafundi redio wanazo nyingi, na kwa wanaonunua skrepa hazikosekani
- Sindano mpya za kushonea, angalau tatu
- Uzi wa kushonea, kama mita moja
- Beseni pana la plastiki na maji
- Kipande cha soli ya kandambili au malapa ya zamani
- Karatasi nyeupe
- Vumbi la chuma la grenda, kijiko kimoja tu, omba kwa fundi wa kuchomelea
- Rangi ya kucha nyekundu, au kalamu ya maka
- Msumari wa inchi nne, bomba la kalamu tupu, wembe, betri kubwa ya tochi ya volti 1.5, na waya mwembamba wa shaba wa kurewaindi mota kama mita nne (hivi ni kwa hatua ya 6)

Usichukue sumaku ndogo zinazong'aa kama fedha, zile za kwenye hadidiski na spika za masikioni. Hizo ni za neodimiamu, zina nguvu sana kuliko ukubwa wake, zinabana vidole hadi damu, na mtoto akimeza mbili zinaweza kutafutana ndani ya tumbo zikabana utumbo katikati na kuutoboa. Ikitokea mtoto amemeza, hata kama anacheza vizuri tu, mpeleke hospitali muda huo huo, usisubiri aende haja.

## Hatua ya 1: Toa sumaku kwenye spika

Sumaku ya spika imelaliwa na mabamba mawili ya chuma, moja mbele moja nyuma, na mabamba hayo yanaikusanya sehemu kubwa ya nguvu na kuipeleka kwenye kile kinafasi chembamba cha katikati inapochezea koili (ule waya uliozungushwa). Ndo maana ukisugua sindano na mgongo wa spika nzima unapata kidogo sana. Lazima duara litoke.

Chana karatasi ya spika, kata lile kapu la bati, ubaki na sumaku na mabamba yake. Gundi yake ni ngumu. Weka yote kwenye sufuria ya maji ya baridi, bandika jikoni, yapate moto polepole hadi yachemke, acha kama robo saa. Gundi inalegea, hapo unaingiza ncha ya bisibisi kwenye mshono na kugonga kidogo kwa kipande cha mbao.

Kwa nini uanze na maji ya baridi? Kwa sababu hiyo sumaku ya kijivu inaitwa feraiti, imetengenezwa kama kigae, inachomwa kwenye tanuru. Ukiitupa kwenye maji yanayochemka inaweza kupasuka, na ukiigonga na nyundo inavunjika kabisa. Maji ya kuchemka yenyewe hayaiharibu, feraiti inavumilia joto kubwa kuliko hilo. Sumaku za neodimiamu za kawaida ndo zinaanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80 hivi.

Ikivunjika vipande viwili usilie wala usitupe. Kila kipande kitakuwa sumaku kamili yenye ncha mbili. Hamna namna ya kukata sumaku ukabaki na kaskazini peke yake, hata uivunje mpaka unga.

Umefanikiwa kama: duara liko peke yake mkononi na linang'ang'ania msumari kwa nguvu kuliko lilivyokuwa ndani ya spika.

## Hatua ya 2: Tafuta ncha ziko wapi

Hapa ndo wengi wanapopotea, naomba utulie.

Vitabuni sumaku inachorwa kama mche mrefu, mwisho huu kaskazini, mwisho ule kusini. Sasa mtu akishika duara anatafuta "mwisho" wake hauoni, anaamua kusugua na ubavu. Binti wa dada yangu alikaa hapa bandani nusu saa nzima anasugua na ubavu wa duara, sindano imeshapata joto la vidole, hamna kitu. Ncha za sumaku ya spika ziko kwenye nyuso zake bapa. Uso mmoja wote ni kaskazini, uso wa pili wote ni kusini. Ubavu katikati unavuta kidogo tu.

Usiniamini mimi, angalia mwenyewe. Funga sumaku ndani ya karatasi, nyunyizia lile vumbi la grenda juu yake. Utaona vumbi linasimama wima kama miiba ya nungunungu kwenye kingo za nyuso mbili, halafu ubavuni katikati linalala au halishiki kabisa. (Karatasi ni muhimu mno. Vumbi likigusa sumaku yenyewe kulitoa lote ni kazi ya siku nzima, ila likiwa juu ya karatasi unafungua tu karatasi linadondoka.)

Sasa uso upi ni kaskazini? Pitisha uzi kwenye tundu la duara, ulining'inize likae wima kama tairi la baiskeli lililotundikwa ukutani. Tundika kwenye tawi la mwembe, mbali na bati, pikipiki, dirisha la nondo na simu yako. Kama uzi umejisokota uache ujifungue kwanza. Duara litazunguka, litarudi, litazunguka tena, baada ya dakika kadhaa litatulia uso mmoja ukitazama kaskazini. Lizungushe kwa kidole liache tena. Likirudi vile vile mara tatu, huo uso ndo ncha ya kaskazini, upake rangi nyekundu.

Kujua kaskazini kwa hapa Kigoma ni rahisi. Simama jioni utazame jua linapozama ng'ambo ya ziwa, upande wa milima ya Kongo. Mkono wako wa kulia ndo kaskazini, kuelekea Gombe. Ila kumbuka jua halizami sehemu moja mwaka mzima: mwezi wa tatu na wa tisa mwishoni linazama magharibi kabisa, mwezi wa sita linasogea kulia, mwezi wa kumi na mbili linasogea kushoto, na kusogea kwenyewe kunafika nyuzi 23 hivi. Walioko Tabora wasio na ziwa wafanye hivyo hivyo kwa jua tu.

Umefanikiwa kama: uso mwekundu unarudi kuelekea upande mmoja kila ukiuzungusha.

## Hatua ya 3: Chagua chuma sahihi

Sumaku inavuta chuma, nikeli na kobalti, pamoja na vyuma vingi vilivyochanganywa na hivyo. Haivuti sufuria ya alumini, shaba, dhahabu, fedha wala risasi. Vijiko visivyoshika kutu vingine havivutwi, vingine vinavutwa. Rangi isikudanganye, kuna vitu vinang'aa kama shaba kumbe ndani ni chuma kilichopakwa tu.

Lakini kuvutwa na sumaku ni jambo moja, kubaki sumaku ni jambo lingine. Msumari wa kawaida ni chuma laini, unakuwa sumaku haraka ukiwa karibu na sumaku na unasahau haraka ukiuondoa. Sindano ya kushonea ni chuma cha pua, kigumu, kinachelewa kukubali lakini kikikubali kinakaa nacho. Mtu anayetaka sumaku ya kudumu akasugua msumari anajichosha bure. Tumia sindano, au kipande cha msumeno wa chuma, au bisibisi nzuri.

Na sindano iwe mpya. Ile ya zamani inaweza kuwa ilishalala karibu na sumaku ikapata ncha zake vululuvululu. Wengine wananiuliza si naweza kuichoma motoni niifute? Ndiyo, ikiwa nyekundu inapoteza usumaku wote, lakini ikipoa polepole inakuwa laini kama msumari na haitashika tena vizuri. Nunua nyingine.

## Hatua ya 4: Sugua

Laza sindano juu ya mbao, bana upande wa tundu kwa kidole. Tunataka ncha kali ya sindano ndo iwe kaskazini, kwa hiyo tunasugua na uso wa kusini, ule usio na rangi. Umeona? Mwisho unapoishia kusugua unapata ncha iliyo kinyume na uliyosugulia. Ukisugua na uso mwekundu kutoka tundu kwenda kwenye ncha kali, ncha kali itakuwa kusini.

1. Inamisha duara kidogo ili ukingo wa uso wa kusini ndo uguse sindano, sio uso wote kulala juu yake.
2. Anzia kwenye tundu, vuta taratibu hadi upite ncha kali.
3. Nyanyua duara juu kabisa, kama shubiri moja, urudishe kwa kuzunguka hewani mbali na sindano.
4. Shusha tena kwenye tundu. Rudia mara 40.

Kwa nini kunyanyua? Ndani ya chuma kuna maeneo madogo madogo, kila moja ni kisumaku, lakini kila kimoja kinatazama upande wake, kwa hiyo nguvu zao zinafutana na nje huoni kitu. Mliowahi kwenda kuvua usiku mmeona dagaa wanavyokuwa kabla taa haijawaka, wamesambaa kila mmoja na njia yake, halafu taa ikikaa sawa kundi zima linageuka pamoja. Unaposugua ndo unageuza hilo kundi kidogo kidogo upande mmoja. Ukirudisha sumaku juu ya chuma kwa njia uliyojia, ulichopanga wakati wa kwenda unakivuruga wakati wa kurudi, na hata ukisugua mara 200 utapata sindano inayovuta hovyo bila ncha za kueleweka.

Idadi nayo ina kikomo. Maeneo yote yakishageuka, kusugua zaidi hakuongezi kitu. Kwa sindano mara 40 zinatosha, kwa bisibisi nene zidisha.

Tengeneza sindano mbili kwa njia hiyo hiyo, ya pili utaihitaji sasa hivi.

Umefanikiwa kama: sindano inanyanyua pini au sindano nyingine mpya kwa ncha zake zote mbili, na katikati yake haivuti sana.

Angalia: usiidondoshe sakafuni na usiigonge. Mtikisiko unavuruga lile kundi.

## Hatua ya 5: Hakikisha, afu ielee

Mtu ananiletea sindano ananiambia "imekuwa sumaku, ona inavutwa na ile ya spika". Ndugu yangu, hata sindano ya dukani inavutwa na ya spika. Kuvutana kunathibitisha kwamba angalau kimoja kati ya hivyo viwili ni sumaku, hakusemi kipi. Kusukumana ndo ushahidi, maana chuma cha kawaida hakiwezi kusukumana na sumaku. Ncha zinazofanana zinakimbiana, zinazotofautiana zinavutana, na chuma kitupu kinavutwa na zote mbili.

Kata kipande cha soli ya kandambili, duara ndogo kama kifuniko cha soda au kubwa kidogo, laza sindano ya kwanza juu yake, weka katikati ya beseni la maji yaliyotulia. Sasa chukua sindano ya pili, isogeze ncha kali kuelekea ncha kali ya ile inayoelea, polepole. Inayoelea itageuka kukimbia. Nimefanya hivi miaka mingi na bado ile sekunde inapogeuka yenyewe bila kuguswa inanifurahisha, na watoto wanapiga kelele.

Kipimo hiki usikifanye na duara la spika. Lina nguvu kupita kiasi kwa sindano, ukilisogeza sana linaweza kuzigeuza ncha za sindano, utaona kaskazini inavutwa na kaskazini ukasema vitabu vinadanganya, kumbe umeshaiharibu sindano na itabidi usugue upya.

Ondoa sasa sindano ya pili, ipeleke mbali, simu nayo, duara la spika weka hatua kumi kutoka hapo. Beseni likae chini kwenye udongo au mchanga, sio juu ya meza ya misumari na sio kwenye baraza la zege lenye nondo. Kusiwe na upepo. Kipande cha kandambili kikikimbilia ukingoni mwa beseni na kung'ang'ania, kirudishe katikati, hilo ni tatizo la maji na plastiki, sumaku haihusiki, ndo maana nikasema beseni liwe pana.

Sindano itageuka taratibu na kutulia ncha kali ikitazama upande wa Gombe. Izungushe nusu mzunguko, iache. Itarudi.

Inarudi kwa sababu dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Na hapa kuna jambo linawachanganya wengi: ncha ya sindano tunayoiita kaskazini inavutwa kwenda kaskazini ya dunia, na kwa kuwa zinazovutana ni zinazotofautiana, basi ule upande wa kaskazini wa dunia kisumaku una tabia ya ncha ya kusini. Wala halibadilishi matumizi ya dira, ila mwalimu akiuliza ujue.

Jambo lingine la kwetu huku. Ukiifunga sindano katikati kwa uzi ikae sawa kabla ya kuisugua, baada ya kuisugua utaona upande wa kusini umeinama chini kidogo. Hujakosea kufunga. Mistari ya nguvu ya sumaku ya dunia inalala sawa na ardhi kwenye mstari wa ikweta ya sumaku tu, na kwa Afrika mstari huo unapita kaskazini yetu, mbali na hapa. Sisi tuko kusini yake, kwa hiyo mistari inainama na sindano inaifuata. Dira zilizotengenezwa kwa nchi za Ulaya zinaweza kukwaruza kioo zikija huku kwa sababu hiyo hiyo, zilisawazishwa kwa mwinamo wa kule.

Umefanikiwa kama: mara tano kati ya tano inarudi upande ule ule. Ikirudi kila mara upande tofauti, rudi hatua ya 4. Ikirudi upande mmoja lakini sio kaskazini, kuna chuma karibu, hamisha beseni hatua ishirini upime tena. Ikirudi kinyume kabisa ulisugua na uso usio sahihi, ni kupaka rangi upande wa pili tu.

Nawaomba wavuvi, hii dira ya beseni ni ya kujifunzia. Ziwani usiku tumieni dira halisi, na ikae mbali na injini na spika ya redio.

## Hatua ya 6: Sumaku ya umeme

Hii inashindikana kwa sababu moja kubwa: waya. Waya wa kurewaindi unaonekana kama shaba tupu lakini umepakwa vanishi nyembamba inayozuia umeme. Kwangua sentimita mbili kila mwisho kwa wembe, ukizungusha pande zote, mpaka ile rangi ya kahawia iondoke ubaki na wekundu mwepesi unaong'aa. Mtu anaunganisha bila kukwangua, hapati kitu, anasema betri mbovu.

Zungushia waya kwenye msumari mizunguko 100, yote kuelekea upande mmoja, imebanana. Gusisha miisho kwenye betri, nyanyua pini, achia. Pini zinadondoka, labda moja inabaki, maana msumari ni chuma laini. Ukipunguza mizunguko hadi 50 kwa betri ile ile, bila kukata waya, utaona inanyanyua pini chache zaidi, kwa sababu kila mzunguko unachangia.

Gusisha sekunde tano tu kisha achia. Waya ni mfupi, umeme unapita mwingi, betri na waya vinapata moto. Usitumie betri ya simu, ya sola, ya pikipiki, na usithubutu kabisa umeme wa ukutani. Betri ya simu inaweza kuwaka moto mkononi, umeme wa ukutani unaua.

Ukitaka sindano ya kudumu bila kusugua, zungushia ule waya kwenye bomba la kalamu, tumbukiza sindano ndani, gusisha betri sekunde moja, achia, rudia mara mbili tatu, itoe. Kujua ncha: shika koili kwa mkono wa kulia, vidole vifuate njia ya umeme kutoka chanya kwenda hasi, dole gumba linaonesha kaskazini.

## Hatua ya 7: Kuhifadhi

Sindano zilaze mbili mbili, ncha kali ya moja ikiwa kando ya tundu la nyingine, na kipande kifupi cha msumari kila mwisho, uzifunge karatasi. Hivyo zinashikana zenyewe na nguvu haivuji. Ukizilaza kaskazini kwa kaskazini zinadhoofishana, baada ya miezi kadhaa utakuta zimechoka.

Duara la spika libandike kwenye kipande cha bamba la chuma, likae mbali na kadi za benki zenye mstari mweusi mgongoni, mbali na dira, na mbali na mtu aliyewekewa kifaa cha moyo kifuani. Mbali na jiko pia. Na lisiwe mahali linapoweza kudondoka, maana sakafu ya saruji italivunja hata kabla hujaliita.